Uchaguzi wa ufuoni si jambo dogo

Kila baada ya miaka mitano nchi yetu hushikwa na homa ya uchaguzi. Magari yenye vipaza sauti hupita vijijini, picha za wawaniaji hubandikwa hata kwenye magome ya miti, na kila kibanda cha chai hugeuka kuwa bunge. Homa hiyo ikishapoa, watu hurejea katika shughuli zao wakiamini kwamba wamekwisha kuwachagua viongozi wao wote. Ni nadra kumsikia mtu akikumbusha kwamba mwananchi wa kawaida huguswa mara nyingi zaidi, na kwa karibu zaidi, na maamuzi ya watu ambao majina yao hayajapata kuchapishwa katika karatasi yoyote ya kura ya tume ya uchaguzi. Hao ni wajumbe wa kamati za ufuo, wa bodi za shule, wa vyama vya watumiaji wa maji na wa kamati za zahanati.

Makala haya yanahusu chaguzi hizo ndogo, na hasa swali moja ambalo aghalabu hatulijadili: Je, ni nani anayestahili kusimama mbele ya jirani zake na kusema, "Nichagueni mimi"? Nitatoa mfano wa fuo za Ziwa Victoria katika kaunti za Migori na Homa Bay, kwa sababu huko swali hilo lina uzito wa pekee. Anayechaguliwa huko hukabidhiwa sehemu ya ziwa na riziki ya watu anaokutana nao kila alfajiri.

Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa hilo, ambalo ukubwa wake ni kama kilomita mraba 68,800. Tanzania na Uganda zimegawana sehemu iliyobaki. Katika kaunti ya Migori, ni eneo la Nyatike peke yake linalopakana na maji, kuanzia Karungu hadi Muhuru karibu na mpaka wa Tanzania. Homa Bay ina ufuo mrefu zaidi: Kendu Bay, Mbita, Sindo, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti hizi mbili zina zaidi ya watu milioni 2.2. Si wote wanaovua, lakini ni wengi wanaokula, kusomesha na kujenga kwa fedha zilizotoka majini.

Mali hiyo haina ua wala kitasa. Mbuta aliyeogelea leo Muhuru huenda kesho akavuliwa ng'ambo ya mpaka. Zamani serikali ilidhani kwamba maofisa wachache wa uvuvi, wenye mashua moja au mbili, wangeweza kulinda maji yote hayo. Ilidhihirika kwamba haiwezekani. Ndipo likaja wazo la kuwashirikisha wavuvi wenyewe. Mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa sahihi mjini Kisumu mwaka 1994, na makao yake yakawekwa Jinja, Uganda. Miaka michache baadaye zikaanza kuundwa kamati za usimamizi wa fuo, ambazo kila mtu ziwani huziita kwa herufi tatu tu: BMU. Nchini Kenya kanuni zake rasmi zilitolewa mwaka 2007, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 ikazitambua tena chini ya mfumo mpya wa kaunti.

Kila anayefanya kazi ya samaki ufuoni, awe mwenye mashua, mvuvi, mchuuzi au mfuma nyavu, hutakiwa kujiandikisha. Wanachama wote ndio mkutano mkuu, na mkutano huo ndio unaochagua kamati tendaji. Kamati huweka daftari la mashua na wavuvi, hukusanya ada, hushika doria pamoja na maofisa wa serikali, husimamia usafi wa mahali pa kupakulia samaki na husuluhisha ugomvi. Mtu akiiba wavu wa mwenzake, mashtaka huanzia hapo. Serikali ikitangaza kufungwa kwa uvuvi wa omena katika miezi ya Aprili hadi Julai, kamati ndiyo inayowakabili watu wenye njaa na kuwaeleza kwa nini wasubiri. Huo si mzigo wa mchezo.

Mzigo wenyewe umo katika maneno

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na mtu wa taaluma yangu hawezi kupita karibu na uchaguzi bila kuyatazama maneno yake. Kiswahili kina msamiati mpana wa mambo haya, na msamiati huo una mafunzo.

Tuanze na kitenzi "kugombea". Mzizi wake ndio ule ule wa kugomba na kugombana. Tunaposema fulani anagombea kiti, lugha yenyewe inatuonya kwamba pana mvutano na kwamba mvutano huo waweza kugeuka ugomvi. Wengine husema "kuwania", wengine "kusimama". Katika Dholuo kiti ni "kom" na mwenye kukikalia ni "jakom". Maneno yote hayo yanatazama kiti na anayekitaka. Hayasemi lolote kuhusu waliobaki wamekaa chini.

Sasa tulitazame neno "kura". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni ile ya kura ya bahati, jambo linaloamuliwa bila upendeleo wa binadamu. Neno "baraza" nalo lilikuwa, na hata sasa lingali, mahali pa kukaa mbele ya nyumba, palipo wazi kwa mpita njia. Mtu alikaa barazani ili aonekane na azungumze na watu. Baadaye neno hilo likapewa mikutano ya machifu, halmashauri na hata mawaziri. Kila lilipopanda cheo lilizidi kuingia ndani ya nyumba, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni "mjumbe". Kwa Kiswahili mwanachama wa kamati huitwa mjumbe, na mpeleka ujumbe huitwa vivyo hivyo. Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi, kwa sababu maneno anayoyabeba si yake, ni ya waliomtuma. Yeyote anayegombea ujumbe wa kamati ya ufuo anaomba kutumwa. Atayachukua maneno ya wafuma nyavu na kuyafikisha kwa ofisa wa uvuvi, kisha atayachukua majibu ya ofisa na kuyarudisha ufuoni, hata yakiwa machungu. Mjumbe asiyerudi na majibu ameiba ujumbe. Kwa kipimo hicho, sifa ya kwanza ya mgombea ni uwezo wa kusikia na kusema kweli, wala si ukubwa wa mashua yake.

Nani hasa husimama?

Waandishi wa mwongozo wa pamoja wa nchi tatu za ziwa, uliotolewa mwaka 2005, walilifikiria jambo hili. Walipendekeza kamati ya watu 9 hadi 15. Asilimia 30 ya wajumbe iwe ya wenye mashua, asilimia 30 ya wavuvi wanaozitumikia mashua hizo, asilimia 10 ya wachuuzi wa samaki, na asilimia 30 ya makundi mengine kama mafundi wa mashua na wafuma nyavu. Wanawake wasipungue watatu. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo inataka kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili.

Hesabu hiyo ni ya haki kwenye karatasi. Ufuoni mambo yana mkondo wake. Mwenye mashua tatu ana watu wanaomtegemea kwa chakula cha jioni. Anaposimama kugombea, je, mvuvi wake atathubutu kusimama dhidi yake au dhidi ya rafiki yake? Na iwapo kura hupigwa kwa kupanga mlolongo, huyo mvuvi atajipanga wapi huku bwana wake anamtazama? Wakenya tuna kumbukumbu ya mlolongo. Katika uteuzi wa chama cha KANU mwaka 1988 wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Mambo yaliyotokea yalitosha kuifanya nchi iuchukie utaratibu huo. Iwapo tuliukataa katika uchaguzi wa wabunge, hatuna sababu ya kuukubali katika uchaguzi wa kamati ambayo mpiga kura ataonana nayo asubuhi inayofuata.

Yupo pia yule mfanyakazi wa mashua ambaye katika nyaraka za uvuvi za ukanda huu huitwa "baria". Neno hilo ni "baharia" letu la pwani lililosafiri na reli na biashara hadi ziwani, likapoteza silabi moja njiani. Mwenye jina hilo naye ni msafiri. Huwafuata samaki kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, leo Muhuru, mwezi ujao Mfangano. Kwa kuwa hana kwao ufuoni, huambiwa kwamba yeye ni wa kupita na hana haki ya kugombea. Hata hivyo, ndiye anayelala majini, ndiye anayejua nani anatumia nyavu za matundu madogo, na ndiye anayezama dhoruba ikija. Kumwacha nje ni kuwanyima wenye kujua nafasi ya kusema.

Fauka ya hayo, kuna mwanamke anayenunua omena. Huyu huamka kabla ya alfajiri, hungoja mashua zitue, hununua kwa ndoo, huanika juani na kuuza sokoni. Bila yeye mvuvi angebaki na samaki wanaooza. Lakini anapoingia katika kamati, mara nyingi huingia kwa sababu hesabu inamtaka, na hupewa kazi ya kutunza fedha huku uamuzi wa namna ya kuzitumia ukiwa wa wengine. Kila mtu wa Migori na Homa Bay anaufahamu mtindo unaoitwa "jaboya", ambapo mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Tumeuandikia vitabu vya utafiti na kuufanyia makongamano. Kaunti hizi zimelipa gharama kubwa ya ukimwi kwa sababu hiyo na nyinginezo. Mimi naamini kwamba mwanamke aliye mwenyekiti wa ufuo, mwenye uwezo wa kuitisha kikao na kumwita mvuvi ajieleze mbele ya wenzake, anaweza kuuvunja mtindo huo kwa njia ambayo kongamano haliwezi. Mtindo huo hustawi pale samaki wanapogawanywa gizani na malalamiko hayana pa kupelekwa.

Hoja ya kisomo

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kamati hushika fedha, huandika barua, husoma kanuni na kukutana na maofisa, na kwa hiyo asiyesoma asigombee. Hoja hii haifai kupuuzwa. Fedha za umma zimepotea katika fuo nyingi kwa sababu hakuna aliyejua kuweka hesabu, na katika nyingine kwa sababu aliyejua alikuwa mmoja tu. Mweka hazina asiyeweza kusoma daftari lake ni hatari kwake na kwa wenzake.

Lakini tuangalie historia ya hoja hiyo kabla ya kuipokea yote. Serikali ya kikoloni ilipounda Mabaraza ya Wenyeji kwa sheria ya mwaka 1924, mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, naye alikuwa Mzungu. Sababu iliyotolewa ni kwamba Waafrika hawakuwa tayari. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957. Viti vilikuwa vinane. Nyanza Kusini, eneo lililojumuisha Migori na Homa Bay za leo, ilimchagua Lawrence Oguda. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, alishinda kiti cha Nairobi. Ila uchaguzi huo haukuwa wa mtu mmoja kura moja. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato, mali, utumishi na mengineyo, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Mzee aliyeijua nchi yake lakini hakupata kukaa darasani aliweza kukosa hata kura moja. Wabunge wale wanane walilipinga jambo hilo kwa nguvu zao zote, na mwaka 1963 tukapata uhuru kwa kura ya watu wote.

Baada ya uhuru tulibaki na kizingiti cha lugha. Katiba ya zamani ilimtaka mgombea ubunge aweze kuzungumza na kusoma Kiswahili na Kiingereza vyema kiasi cha kushiriki shughuli za Bunge. Tangu Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 mjadala ulihamia kwenye vyeti na shahada. Sisi wasomi huupenda mjadala huo kwa kuwa unatupendelea. Ni vyema tukajiuliza kama tunapotetea kisomo cha mgombea tunatetea kazi iendayo vizuri, au tunatetea zile kura tatu za mwaka 1957 kwa jina jipya.

Rai yangu ni kwamba kazi zitenganishwe. Katibu na mweka hazina lazima waweze kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yao. Mjumbe wa kawaida hahitaji cheti. Anahitaji kuijua kazi ya ziwa, kuwa na jina safi, na kuelezwa mambo kwa lugha anayoifahamu. Na iwapo ufuo hauna mtu wa kuweka hesabu, dawa yake ni kufufua madarasa ya ngumbaru jioni, wala si kumwagiza mtaalamu kutoka mjini awatawale wavuvi.

Kanuni kwa lugha ya nani?

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu walimu. Kanuni za mwaka 2007 ziliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Sheria ya mwaka 2016 vivyo hivyo. Mkutano wa ufuoni huendeshwa kwa Dholuo, na panapokuwa na wageni kutoka ng'ambo ya mpaka au kutoka makabila mengine ya Migori, huchanganywa na Kiswahili. Katika visiwa vya Homa Bay wapo wazee ambao Olusuba, lugha iliyo hatarini kutoweka, ndiyo lugha ya utoto wao. Basi kanuni zinakaa katika lugha moja na watu wanaishi katika nyingine. Katikati yao anasimama mtu mmoja au wawili wenye kufasiri. Anayefasiri ndiye mwenye madaraka halisi, hata kama hana cheo, kwa maana anaweza kuongeza neno hapa na kulipunguza pale. Mgombea akitangaza kwamba "sheria inasema" mtu wa kupita hawezi kupiga kura, nani ataifungua sheria amwonyeshe kwamba haisemi hivyo?

Katiba, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Inaitaka pia dola ikuze lugha za wenyeji. Bunge la Taifa lenyewe limekwisha kupata Kanuni za Kudumu kwa Kiswahili. Kama kanuni za Bunge zimeweza kutafsiriwa kwa ajili ya waheshimiwa ambao karibu wote wanakijua Kiingereza, kanuni za ufuo zinazowahusu watu wasiokijua zinangojea nini? Kurasa chache zinatosha: nani ni mwanachama, nani anaweza kugombea, kura hupigwaje, fedha huhesabiwaje, na mjumbe mbaya huondolewaje. Zikibandikwa penye mizani ya samaki, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali hapo, nusu ya hila za uchaguzi zitakufa zenyewe.

Onyo kutoka Uganda

Huenda msomaji akaona kwamba ninalikuza jambo dogo. Na tuvuke mpaka tuone. Uganda nayo ilikuwa na kamati kama hizi. Zilishutumiwa kwa rushwa na kwa kufumbia macho nyavu haramu. Mwishoni mwa mwaka 2015, uchaguzi mkuu ukikaribia, Rais Yoweri Museveni alizisimamisha. Mwaka 2017 jeshi likapewa kazi ya kulinda maji. Wapo wanaosema samaki waliongezeka, na huenda ni kweli. Wapo pia waliolalamika, hata katika Bunge la Uganda, kuhusu vipigo, mashua zilizochomwa na watu walioteswa. Lililo wazi ni kwamba mvuvi aliyekuwa na mwenyekiti wa kumkemea sasa alikuwa na mwanajeshi, na mwanajeshi hachaguliwi na mvuvi wala haondolewi naye.

Hilo ndilo lililo hatarini tunapomchagua mwenyekiti wa ufuo kwa sababu ametununulia chai. Kamati mbovu huwapa wenye nguvu sababu ya kuivunja, na ikishavunjwa hairudi kwa urahisi. Mtaalamu wa Marekani Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kwa mifano ya misitu, malisho, mifereji na maeneo ya uvuvi kwamba watu wanaweza kuisimamia mali yao ya pamoja bila kuinyang'anya umma na bila kuiuza. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo. Miongoni mwa masharti aliyoyataja ni kwamba wale wanaoguswa na kanuni wawe na sauti katika kuzitunga, na kwamba wanaolinda wawajibike kwa wanaolindwa. Masharti hayo hayatimizwi na katibu mkuu aliye Nairobi. Hutimizwa, au huvunjwa, siku ile mkutano wa ufuo unapochagua wajumbe wake.

Shule na ufuo

Walimu na wanafunzi wataniuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu kwa njia mbili.

Kwanza, shule yenyewe ni ufuo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliondoa bodi za magavana za zamani na kuweka bodi za usimamizi. Ndani yake wamo wajumbe sita wanaochaguliwa kuwawakilisha wazazi au jamii, mwakilishi mmoja wa walimu anayechaguliwa na walimu wenzake, watatu wa mfadhili, pamoja na wawakilishi wa watu wenye mahitaji maalumu na wa makundi mengine. Baraza la wanafunzi nalo lina mwakilishi wake. Maswali ni yale yale. Je, wazazi huchagua, au husomewa majina yaliyokwisha kuandikwa ofisini? Je, mama muuza omena ambaye ada ya mwanawe hutoka kwenye ndoo yake huthubutu kusimama mbele ya mwalimu mkuu mstaafu na mfanyabiashara wa mjini? Mara nyingi mzazi yule yule huketi katika mikutano yote miwili, na aliyenyamazishwa ufuoni hunyamaza na shuleni.

Pili, shule ina vifaa ambavyo ufuo hauna. Katika somo la Kiswahili la sekondari tumewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi kuandika kumbukumbu za mikutano, hotuba na ripoti. Wamebuni mikutano ya vyama visivyokuwapo na kuandika mahudhurio ya watu wasiozaliwa. Kwa nini mwalimu wa Muhuru au wa Mbita asiwapeleke wanafunzi wake, kwa idhini ya kamati, wakasikilize mkutano halisi na kuandika kumbukumbu zake? Kwa nini kidato cha tatu kisipewe kanuni za ufuo kama zoezi la tafsiri na muhtasari? Mwanafunzi atajifunza sarufi na uraia kwa wakati mmoja, na kamati itapata nakala ya mambo yake kwa lugha inayosomeka. Mwalimu, kwa kuwa ni mtumishi wa umma, haruhusiwi kujiingiza katika siasa za vyama. Lakini kamati ya ufuo si chama, na kuwasomea watu kanuni zao si kampeni.

Kwa wale wanaofikiria kugombea, nina maneno machache. Usingoje kuombwa na wazee ilhali moyo wako umekwisha kusema ndiyo. Unyenyekevu wa namna hiyo umewaachia walafi viti vingi. Usiwanunulie watu kitu, kwa maana aliyenunua kura huona ameilipia na hadaiwi tena. Jitokeze mchana, utaje jambo moja au mawili utakayoyafanya, na ukubali kuulizwa. Ukishindwa, mpe mkono aliyekushinda, kisha uhudhurie mkutano unaofuata na uulize hesabu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mshindani anayehudhuria mikutano baada ya kushindwa ana faida kubwa kwa ufuo wake.

Na kwa wapiga kura, maswali matatu yanatosha. Umwulize mgombea: Nyavu zako zina matundu ya kadiri gani? Fedha za kamati utazisoma mbele yetu kila baada ya muda gani? Na tukikutuma kwa ofisa, utarudi lini kutuambia alilosema? Anayejibu kwa hasira amekwisha kujibu. Anayejibu kwa utulivu, hata kama hana viatu, mpeni kura zenu, kwani huyo anajua maana ya kuwa mjumbe.